Uko Upande wa Nani?



Matanga yameanuliwa siku nyingi, na leo ukoo umeitwa kugawa mali ya marehemu. Wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, vijana wameegemea ukuta. Kaka mkubwa ameshika bahasha ya kaki yenye hati ya kiwanja. Dada yake, aliyemuuguza baba miaka yote ya kiharusi, hana karatasi yoyote. Amefumbata mikono mapajani na kutazama chini. Kaka anaanza kuzungumza. Anazungumza vizuri, kwa mpangilio, na baba wadogo wanaitikia kwa vichwa. Zamu ya dada inapofika, machozi yanamziba koo. Anamgeukia mdogo wao na kumwuliza, “Na wewe, uko upande wa nani?” Mdogo wao anajikuna shingo. “Mimi simo,” anajibu. “Nyote ni ndugu zangu.”

Jibu hilo tunalijua. Tumelisikia kwenye kamati za shule, kwenye kwaya, kazini, na majira ya uchaguzi tumelisikia hata mezani kwetu. Lina sehemu mbili, na kila moja inatoka mahali pake moyoni. “Nyote ni ndugu zangu” ni neno la upendo. “Mimi simo” linaweza kuwa neno la hekima, na linaweza pia kuwa neno la hofu. Kwa nje yanafanana kabisa. Ni msemaji mwenyewe na Mungu wake wanaojua ni lipi.

Wala tusiharakishe kumlaumu mtu asiyeegemea upande. Tunamhitaji. Tunamhitaji hakimu asiyejali jina la ukoo wako, mwalimu asiyesahihisha mtihani kwa kuangalia kabila, mwandishi wa habari anayeuliza pande zote mbili, na shangazi ambaye mke na mume wote wanaweza kumwendea usiku. Jamii isiyo na watu wa namna hiyo haikai. Lakini leo tujiulize polepole, bila kujihukumu: ninapokataa kuegemea upande, ninamhudumia nani?

Injili ya Luka, sura ya 12, inatupa kisa kinachofanana sana na kile kikao cha chini ya mwembe. Mtu mmoja katikati ya umati alimwomba Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi. Yesu alikataa kuwa mwamuzi wao. Hata hivyo hakuwageuzia mgongo. Aliwaonya wote waliokuwapo juu ya tamaa ya mali, kisha akawasimulia habari za tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi na roho yake ikatakwa usiku uleule. Alikiacha kiti cha hakimu, lakini shida yao hakuiacha. Aliyeomba alipata kitu cha kutafakari, na ndugu yake pia.

Nataka tutazame kwa utulivu mahali ambapo kutoegemea upande kulizaliwa kama huduma. Tarehe 24 Juni 1859, majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipambana na jeshi la Austria karibu na Solferino, kaskazini mwa Italia. Henry Dunant, mfanyabiashara kijana kutoka Geneva, alifika huko kwa shughuli zake. Alitaka kuonana na Napoleon III kuhusu biashara aliyokuwa nayo Algeria. Alichokikuta ni maelfu ya majeruhi walioachwa bila mtu wa kuwatunza. Katika mji mdogo wa Castiglione kanisa kubwa liligeuka hospitali. Wanaume walilala sakafuni juu ya majani makavu, wengine wakiwa na vidonda vilivyokwisha kuoza, wakililia maji kwa lugha mbalimbali. Dunant hakuwa daktari. Alibeba maji, akasafisha vidonda, akagawa tumbaku, akaandika salamu za mwisho za vijana waliokuwa wakikata roho mbali na mama zao.

Wanawake wa Castiglione ndio walioibeba kazi hiyo. Waliwahudumia Waaustria kama walivyowahudumia Wafaransa, ingawa Waaustria walikuwa adui, na walikuwa wakiambiana kuwa hawa wote ni ndugu. Yafikirie maneno hayo katika kinywa cha mama ambaye huenda mwanawe yuko vitani. Je, moyo wake ulikuwa mtupu, hauna upande? Nadhani alikuwa na upande. Alikuwa upande wa aliyejeruhiwa, na hakuuliza alivaa sare ya rangi gani.

Dunant alikuwa mtoto wa nyumba ya Wakristo, na kabla ya safari hiyo alikuwa tayari amesaidia kuanzisha chama cha vijana Wakristo, YMCA, mjini Geneva. Mwaka 1862 alichapisha kitabu juu ya aliyoyaona. Mwaka 1863 iliundwa kamati iliyokuja kuwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, na mwaka 1864 ukatiwa saini Mkataba wa kwanza wa Geneva, uliowalinda majeruhi na wanaowatunza. Tangu hapo watu wa Msalaba Mwekundu huvuka mistari ya vita kwa sababu pande zote zinawaamini kuwa hawakuja kupigana. Kutoegemea upande kwao ni ufunguo wa mlango ambao nyuma yake yuko mtu mwenye kiu.

Lakini kamati hiyohiyo ilifika siku nyingine, na siku hiyo nayo tuitazame. Tarehe 14 Oktoba 1942 wajumbe wake walikutana Geneva kujadili kama watoe tamko kwa ulimwengu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepamba moto. Habari za Wayahudi kusombwa kwa treni na kuuawa zilikuwa zimewafikia viongozi wa kamati. Rasimu ya tamko lenyewe ilikuwa ya tahadhari, ikizungumza na nchi zote zilizokuwa vitani. Wengi wa waliochangia walikuwa wakiliunga mkono. Kisha akazungumza Philipp Etter, rais wa Uswisi mwaka ule, aliyekuwa pia mjumbe wa kamati, akalipinga. Tamko halikutolewa.

Kwa nini? Sababu zao zilikuwa nzito, na ni haki tuzisikie. Kamati ilikuwa na wajumbe wanaotembelea kambi za wafungwa wa vita, na ofisi iliyokuwa na mamilioni ya kadi za majina, ikiwatafutia wazazi habari za watoto wao waliotekwa. Waliogopa kuwa wakisema, milango hiyo itafungwa. Uswisi nayo ilikuwa imebanwa na Ujerumani ya Hitler na washirika wake. Tena ukimya wa Msalaba Mwekundu umewahi kuzaa matunda mema: miaka ya 1960 wajumbe wake waliruhusiwa kuingia kisiwa cha Robben na kuonana na Nelson Mandela na wafungwa wenzake, kwa kuwa hawakuwa watu wa kutangaza magazetini kila walichokiona. Lakini kwa wale waliokuwa wakipakiwa kwenye treni mwaka 1942, ukimya ule haukufungua mlango. Baadaye viongozi wa kamati yenyewe walikiri mbele ya watu kuwa hapo walishindwa kimaadili.

Hapa, mpendwa, ndipo ninapoomba tusimame kidogo. Kanuni iliyozaliwa Castiglione ndiyo iliyowaketisha watu kimya Geneva. Hawakuwa watu wabaya. Ukimya wao ulianza kama chombo cha kumfikia anayeteseka, na siku moja ukawa kitu cha kulindwa kwa ajili yake wenyewe. Je, si hivyo inavyotutokea? Unaanza kunyamaza ili uendelee kusaidia pande zote. Baada ya muda humsaidii yeyote, ila jina la mtu wa amani unalo, na hutaki kulipoteza.

Nadhani Bwana anatufundisha kutenganisha mambo mawili ambayo tunayachanganya. Kuhusu watu, tusiwe na upendeleo. Sheria ya Musa katika Mambo ya Walawi inakataza kumpendelea maskini na inakataza kumstahi mkubwa. Wote wawili wasikilizwe kwa sikio lilelile. Lakini kuhusu tendo analotendewa mtu, hatuwezi kukosa upande. Aliyeporwa ameporwa. Aliyepigwa amepigwa. Kuwapenda wote wawili hakunidai niseme kwamba hakuna kilichotokea.

Yule mdogo wao chini ya mwembe angeweza kuanza na neno lake la upendo na asiishie hapo: “Kaka, nakupenda, na dada nampenda. Hati ninaiona. Lakini naomba na hili liandikwe, kwamba usiku baba alipohitaji kugeuzwa kitandani, dada ndiye aliyeamka. Tusigawe kana kwamba hatukulijua.” Hajamtukana mtu. Hajajitwalia kiti cha hakimu. Amekataa tu kuuacha ukweli usimame peke yake pale uani. Kikao kinaweza kuamua vyovyote, lakini dada amejua kuwa alionekana.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na sisi watumishi wa Mungu hatuko salama nalo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya iliingia katika ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100. Pale Kiambaa, karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani walichomwa humohumo siku ya Mwaka Mpya. Mwezi wa pili mwaka 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya lilikiri hadharani kuwa viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa, na kwa sababu hiyo hawakuweza kuwakemea na kuwapatanisha watu kama ilivyowapasa. Wakaomba radhi. Ninawaheshimu kwa ungamo lile. Kura ni haki ya kila raia, na mchungaji naye ni raia. Lakini madhabahu ikishavaa rangi za chama, yule wa chama kingine atapeleka wapi msiba wake?

Yoshua naye aliliuliza swali la kuwa upande wa nani, karibu na Yeriko. Alimwona mtu amesimama na upanga mkononi, akamwuliza kama yuko upande wao au upande wa adui zao. Aliyeulizwa hakukubali upande wowote kati ya hizo mbili. Alisema amekuja akiwa amiri wa jeshi la Bwana. Yoshua akaanguka kifudifudi, na akaambiwa avue viatu kwa kuwa mahali pale ni patakatifu. Ni somo la unyenyekevu kwa kila mwenye chama, kabila na dhehebu. Mungu hajajiandikisha kwetu. Kabla ya kumwomba atushindie wenzetu, tuvue viatu tumsikilize. Huenda anatutaka tuyaone machozi ya mtu ambaye hayumo katika kundi letu.

Wasomi nao wanalijua jaribu hili la kuegemea upande mmoja. Vita vya Majimaji vilipiganwa kusini mwa Tanganyika kati ya 1905 na 1907. Kwa miaka mingi aliyetaka kuvisoma alikutana na karatasi za upande mmoja: taarifa za maofisa wa Kijerumani na barua za wamisionari. Zilikuwa na tarehe na mihuri, na kwa sababu hiyo zilionekana kama hazina upande. Wahenga walishatuambia kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukaa na wazee na kuandika kumbukumbu zao. Wazee walisimulia mashamba ya pamba ya kulazimishwa, maji ya dawa ya Kinjeketile wa Ngarambe, na njaa iliyoua watu wengi baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma vyakula. Mafaili hayakutupwa. Yaliletewa shahidi mwingine wa kuyahoji, kama Mithali inavyofundisha kuwa wa kwanza kusema huonekana mwenye haki mpaka mwingine aje.

Kwetu Wakristo habari hiyo ina mwiba. Mwaka 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenedikto, aliuawa pamoja na wamisionari na watawa waliosafiri naye. Tunamkumbuka, na ni haki kumkumbuka. Mwaka 1906, pale Songea, Wangoni wengi walinyongwa na serikali ya Wajerumani, na mji huo una makumbusho ambapo hukumbukwa kila Februari. Je, moyo wangu una nafasi ya makaburi yote haya? Msomi mwadilifu haambiwi aukaushe moyo wake. Anaombwa aupanue, awasikilize hata wale ambao habari yao inamtia haya. Na akishawalilia wote, bado atasema wazi ni nani aliyekuja na bunduki katika nchi ya nani. Huruma yake kwa askofu haimzuii kusema hivyo. Ukweli alioandika hauikaushi huruma hiyo.

Huenda umesoma mpaka hapa huku kidonda chako kikiuma. Kwa wengi wetu, aliyetuumiza zaidi si yule aliyetusema vibaya. Ni rafiki aliyekuwapo chumbani, akajua ukweli, akatazama simu yake. Adui tulimtegemea awe adui. Huyu tulimtegemea aseme neno moja, nalo hakulisema. Je, unaye mtu wa namna hiyo moyoni? Tumfanyeje?

Petro alikuwa hivyo. Usiku ule uani kwa kuhani mkuu aliota moto wa makaa pamoja na watumishi. Hakumpiga Yesu, wala hakutoa ushahidi wa uongo. Alisema hamjui. Ni lilelile jibu la “mimi simo”, mara tatu, jogoo akawika. Kisha, baada ya ufufuo, kando ya ziwa, Yohana anatuonyesha moto mwingine wa makaa, na juu yake samaki, na mkate. Yesu alimlisha kwanza. Walipokwisha kula ndipo akamwuliza kama anampenda, mara tatu. Hakumtaka ajieleze kwa nini alinyamaza. Wala hakujifanya kuwa hakuna kilichotokea, maana Petro alihuzunika alipoulizwa mara ya tatu. Jeraha liliguswa pale lilipo. Kisha akapewa kondoo wa kuchunga. Mtu aliyeogopa swali la kijakazi alisimama siku ya Pentekoste mbele ya umati, akasema.

Huo ndio msamaha ninaokuombea kwa rafiki aliyenyamaza. Mkaribishe mezani kabla ya kumkumbusha. Ukimkumbusha, mkumbushe kwa upole, na ukweli wenyewe usiuache. Na umwachie nafasi ya kuwa jasiri siku nyingine, kwa maana hofu ya jana si jina lake la milele. Na kama ni wewe uliyenyamaza, basi samaki wamo motoni kwa ajili yako pia. Njoo ule, kisha uende ukatafute yule uliyemwacha peke yake.

Wiki hii Bwana hatutumi mbali. Kutakuwa na mazungumzo jikoni, ofisini, kwenye daladala, ambamo mtu asiyekuwapo anasemwa. Unaweza kusema, “Tungemsikia na yeye.” Kutakuwa na kikao ambacho mwenye sauti kubwa amemaliza na wengine wanataka kufunga kwa sala. Unaweza kumwuliza yule ambaye hajasema. Na pale ukweli unapokuwa umejulikana na kuna mtu anaonewa, sema kwa sauti ya kawaida unachokijua, usiongeze, usipunguze. Kesho yake mtembelee yule ambaye maneno yako hayakumpendeza. Mwulize hali yake na watoto wake. Ajue kuwa ulilipinga jambo na hukumtupa yeye. Kazi hii ya kesho yake ndiyo tunayoisahau zaidi, na bila hiyo msimamo wetu huwa ni ushindi tu wa kikao.

Tuombe. Baba yetu, unayewaangazia jua lako wema na waovu, tusaidie kuwapenda watu wote bila kuchagua. Tupe sikio la kuwasikiliza wawili, na ulimi wa kusema kweli kwa ajili ya anayeonewa. Tusamehe pale tuliponyamaza kwa kuogopa, na pale tuliposema kwa kutafuta ushindi. Uwaponye walioachwa peke yao, na utupe nguvu ya kuwarudia. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.